Nina miaka 43 na nimeitwa serikalini: je, pensheni inatosha kunifanya nifunge karakana?

Fundi wa Kihonda

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wa waliopita njia hii. Nina stashahada ya umeme na karakana ya kusuka mota hapa Morogoro, na wateja wangu wengi ni wenye mashine za kusaga na pampu za umwagiliaji. Niliomba nafasi ya Fundi Sanifu Daraja la II kupitia Ajira Portal, bila matumaini makubwa, na sasa nimepangiwa kituo katika halmashauri moja ya mkoa wa Katavi kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Mshahara wa kuanzia haufikii nusu ya ninachoingiza katika mwezi mzuri, ingawa miezi mizuri haifuatani. Mke wangu anasema tuufikirie uzee, na watoto wawili bado wako shuleni. Je, kwa umri wangu, pensheni hiyo inastahili kufungia karakana? Niongeze kwamba zamani niliajiriwa kiwandani kwa miaka minne, na michango yangu ya wakati huo katika NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, sijaichukua.

Afisa Utumishi Mstaafu

Kaka, hongera. Hesabu yako inaanzia kwenye umri. Matangazo ya ajira za serikali huweka ukomo wa miaka 45 kwa mwombaji asiye mtumishi, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Tofauti yake ni miaka 15, yaani miezi 180, ambayo ndiyo michango ya chini kabisa inayompa mwanachama wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma, haki ya pensheni ya kila mwezi. Wewe utakuwa na miaka 17, sawa na miezi 204, kwa hiyo unavuka, lakini ukiamua kuondoka kwa hiari ukiwa na miaka 55 huvuki kwa michango hiyo peke yake.

Sasa kikokotoo chenyewe. Miezi uliyochangia hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka yako mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi. Kwako 204 kwa 580 ni kama asilimia 35. Tuseme, kwa mfano tu, wastani huo ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi: pensheni kamili ni kama 422,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa yote kwa mara moja unapostaafu. Mkupuo ukiwa asilimia 40, unapokea kama milioni 25.3 siku ya kustaafu na kubaki na takribani 253,000 kila mwezi. Nimesema "ukiwa" kwa makusudi, kwa sababu kiwango hiki kimebadilishwa mara kadhaa: kanuni za 2018 ziliweka asilimia 25 na kuzua malalamiko hadi Rais Magufuli akazisimamisha mwezi Desemba mwaka huohuo, Julai 2022 ikaja 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza 40 kwa kundi moja la watumishi na 35 kwa jingine. Usipange kujenga nyumba kwa mkupuo wa mwaka ambao bado uko mbali.

Binti Mpanda

Namheshimu mzee aliyetangulia, ila naona tunapima ajira hii kwa kitu ambacho si faida yake kubwa. Katika mfuko huo mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huweka 15. Hakuna mteja wa mashine ya kusaga atakayekuwekea shilingi tatu kwa kila moja unayoweka. Vilevile kuna NHIF, bima ya afya ya taifa, ambayo mwajiri hubeba nusu ya mchango wake, na inamhudumia mtumishi, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Fundi aliyejiajiri akivunjika mkono, karakana inanyamaza siku hiyohiyo. Mtumishi akifariki akiwa kazini, wategemezi wake wana mafao ya kisheria ya kudai, na hapo ndipo ninapomwelewa shemeji kuliko ninavyokuelewa wewe.

Mjasiriamali wa Msamvu

Mimi nasema asiende. Kujiunga NSSF kwa hiari kunaruhusiwa kwa aliyejiajiri, na tayari ana miaka minne ndani. Gharama ya kuishi mbali na familia, au kuihamisha yote, haijaguswa na yeyote hapa. Mwaka wa kwanza ni wa majaribio, na mshahara wa mwajiriwa mpya huweza kuchelewa hadi taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo. Tatizo pekee la ushauri wangu ni nidhamu: mafundi wengi tunaahidi kuchangia kila mwezi, kisha bei ya waya wa shaba inapanda na ahadi inaishia hapo.

Fundi wa Kihonda

Nawashukuru. Mdogo wangu anaweza kuendesha karakana nikiwa kituoni, maana kusuka mota alijifunza kwangu. Je, inaruhusiwa? Na ile miaka minne ya NSSF itapotea?

Afisa Utumishi Mstaafu

Kumiliki biashara si kosa, mradi isile muda wa mwajiri wala isigongane na majukumu yako. Karakana hiyo isije ikaomba kazi katika halmashauri unayoitumikia. Ama NSSF, usiichukue michango hiyo. Kuna utaratibu wa kujumlisha vipindi vya uchangiaji mtu anapohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na kwako miezi hiyo 48 ingekuondoa kwenye ukingo wa 180. Nenda ofisi ya NSSF Morogoro kabla hujasafiri, uombe taarifa ya michango yako kwa maandishi, na uhakikishe jina lililomo linafanana herufi kwa herufi na la kitambulisho cha NIDA. Kisha angalia tarehe ya mwisho ya kuripoti iliyoandikwa kwenye barua, kwa sababu ikipita, nafasi hupewa mwingine.