Mwenzako akichoma mechi: umchane papo hapo au usubiri iishe?

Mwanzisha mada, Igoma

Wakuu, habari za usiku. Tuna skwadi ya watu wanne ya PUBG Mobile, ile gemu ya simu ya kupigana kwa risasi mpaka ibaki skwadi moja, huu ni mwaka wa pili tunacheza pamoja. Mimi niko Igoma, shemeji yangu yuko Sengerema, dogo mmoja anasoma chuo Nyegezi, na wa nne ni mshikaji wa Nansio, Ukerewe, ambaye tulikutana naye humohumo ndani ya gemu. Huyu wa Nansio ndiye aliyenifanya nilete mada.

Ukweli usemwe, jamaa hachezi vizuri. Katika mechi tano, nne yeye ndiye wa kwanza kulala. Anakimbilia risasi zinakotoka badala ya kutafuta kificho, anaokota kila anachokiona mpaka duara, ule mpaka wa uwanja unaozidi kubana, linamkuta nyuma, na ukimwambia "usishuke hapo, kuna watu", ameshashuka.

Ijumaa moja, wiki mbili zilizopita, tulianza watu mia kama kawaida, zikabaki skwadi tatu. Tumejibana ndani ya nyumba, kimya, tunasubiri wale wawili wamalizane wenyewe. Jamaa akaanza kumfyatulia mtu aliye ng'ambo ya bonde, mbali kabisa, bila hata darubini. Kila mtu akajua tuliko. Tukafa wote ndani ya nusu dakika.

Dogo akawasha maiki: "Wewe ni garasa! Afadhali tungecheza na boti," yaani wale wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta. Jamaa akajibu taratibu, "Boti zipo hapa gatini Nansio, njoo upande." Tukacheka sana. Akatoka. Tangu siku hiyo hajaingia.

Dogo anasema alimwambia ukweli na asiyetaka ukweli akalale. Shemeji anasema mtu mzima haambiwi hivyo mbele za watu. Nyinyi mnasemaje? Mwenzako akiwa anawaangusha, unamchana palepale, unamwambia pembeni baadaye, au unanyamaza?

Mdau wa Buzuruga

Palepale. Mechi za kupanda daraja si kikao cha harusi. Nimenunua bando kwa hela yangu, nimekaa karibu nusu saa nimekunja shingo, halafu pointi zinashuka kwa wote kwa sababu ya mtu mmoja anayepiga risasi kama anafukuza ndege shambani. Nimbembeleze?

Nendeni CCM Kirumba siku Pamba inacheza. Kipa akitoka golini vibaya, beki wake hasubiri mapumziko, anamfokea hapohapo na uwanja mzima unaona. Dakika mbili baadaye wanakumbatiana. Hakuna aliyesusa timu.

Fundi simu, Makoroboi

Swali dogo kabla hamjaendelea. Anatumia simu gani?

Dada wa Kitangiri

Mimi ni wa Mobile Legends, gemu ya watu watano kwa watano. Nacheza na maiki imezimwa mwaka wa tatu huu, na niwaambie kwa nini.

Mwanaume akikosea anaambiwa "umezingua". Mimi nikikosea naambiwa nirudi jikoni. Kosa ni lilelile, mtu amekufa kwa kuingia msituni peke yake, lakini langu linageuka kosa la wanawake wote wa Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo siku hizi natumia zile ishara tu: rudi nyuma, shambulia, njooni huku. Cha ajabu, tangu nilipoacha kuongea nashinda zaidi. Ishara haina sauti ya kejeli. Inaonyesha pa kwenda na inaishia hapo.

Wanaofuatilia gemu wanakumbuka Apex Legends ilivyotoka Februari 2019. Ilisifiwa kwa mengi, lakini sifa kubwa ilikuwa mfumo wake wa ishara: unabonyeza sehemu, mwenzako anajua kuna adui, kuna silaha, au twende kule. Watu watatu wasiojuana wala kuwa na lugha moja wanamaliza mechi bila neno.

Kwa hiyo kaka wa Buzuruga, mfano wako wa kipa naukataa. Yule beki anafoka "toka!", "kaa!", "wangu!". Hayo ni maelekezo. Sijawahi kusikia beki akimwambia kipa "wewe ni garasa" mpira ukiwa bado unachezwa.

Mdau wa Buzuruga

Dada, basi hujakaa karibu na uwanja.

Dogo mwenyewe, Nyegezi

Mimi ndiye dogo ninayesemwa. Kaka wa Igoma umeileta huku bila kuniambia, sawa, tuongee basi.

Kwanza, nilishamwambia kwa upole zaidi ya mara kumi. "Braza, tafuta kificho." "Braza, tusubiri kwanza." Anaitikia, halafu anarudia.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka mzima kaka yangu hapa hajawahi kumwambia yule mtu neno lolote. Kila mechi ikiisha: "Poa sana, tumejitahidi." Halafu ananitumia ujumbe mimi: "Huyu jamaa vipi lakini?" Shemeji naye hivyohivyo. Tuna hadi picha za skrini za vifo vyake, tunachekea pembeni. Mimi nimesema mara moja, mbele yake, kwa mdomo wangu. Nyinyi mmemsema mwaka mzima nyuma yake, halafu leo mstaarabu ni nani?

Mdau wa Buzuruga

Dogo kaua.

Mwanzisha mada, Igoma

Dogo, hapo umenikamata, sina pa kukimbilia. Ni kweli. Nilidhani namstahi, kumbe nilikuwa namsengenya. Ila sikubali kwamba kwa kuwa mimi nimekosea basi wewe umepatia.

Nilipomaliza darasa la saba nilifanya kazi ya dagaa Igombe, misimu miwili, kabla sijaja mjini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za sola. Mkiwa majini maneno ni machache: vuta, legeza, shika, ngoja. Siku moja niliivuta kamba ya taa kwa pupa, dagaa wote wakatawanyika, saa nzima ya kuwakusanya ikapotea. Nahodha alisema "ngoja" tu, tukaanza upya. Mbalamwezi ilipofika, zile siku ambazo hatuingii ziwani, tumekaa mchangani tunashona nyavu, ndipo akaniita. Akanishikisha kamba, akanionyesha taa inavyosogezwa ili dagaa waifuate. Tangu siku hiyo sikurudia.

Ninachotetea ni hicho. Mechi ikiwa inaendelea, sema kinachotakiwa kufanywa sasa. Kilichoharibika kina muda wake.

Mdau wa Mwaloni

Mwangaluka wadau. Nimesoma asubuhi hii nikacheka peke yangu.

Mkuu wa Igoma, huo mtumbwi wako ulikuwa wa watawa? Mimi nimevua kisiwa cha Kome miaka sita. Matusi ya usiku majini wewe huyajui. Ukiachia kamba nahodha anakutukana wewe, anamtukana mama yako, anapanda mpaka kwa babu aliyefariki. Kwa sauti, na mitumbwi ya jirani inasikia. Usitupambie ziwa.

Lakini nitakupa nusu ya hoja. Kukipambazuka, dagaa wameanikwa, mnakula ugali sinia moja, na yule nahodha ndiye anakusogezea mboga. Tusi la usiku linaisha na usiku. Na sijawahi kumsikia akiniambia afadhali asingekuja na mimi. Kunitukana, ndiyo. Kunitoa kwenye mtumbwi kwa mdomo, hapana. Kwa wavuvi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Huko kwenye gemu yenu hakuna sinia. Mtu anatukanwa, anabonyeza kutoka, anabaki peke yake chumbani na lile tusi.

Mdau wa Buzuruga

Sawa, mnaongea vizuri, lakini nyote mna skwadi za kudumu. Sisi tunaoingia peke yetu na kupangiwa watu tusiowajua je? Huyo mtu nina naye dakika ishirini, baada ya hapo sitamwona tena maishani. Hakuna mbalamwezi, hakuna mchanga, hakuna kumwita pembeni. Nisipomwambia sasa, nitamwambia lini?

Mwalimu, Pasiansi

Hili la Buzuruga ndilo gumu kuliko yote na naona watu wanalikwepa.

Nitaleta mfano wa nje. Riot Games, kampuni yenye gemu ya League of Legends, wamehangaika na jambo hili zaidi ya miaka kumi. Kuna wakati walichukua mazungumzo kati ya timu pinzani wakayazima, lakini wakaacha kitufe: anayetaka awashe mwenyewe. Kutukanana kukashuka kwa zaidi ya asilimia 30, na wakati huohuo watu waliendelea kuongea karibu kiasi kilekile. Maana yake sehemu kubwa ya yale matusi haikuwa tabia iliyokomaa. Ilikuwa ni mdomo uliokuta mlango wazi. Mwaka 2012 wakaongeza utaratibu wa kumpa mchezaji heshima baada ya mechi. Oktoba 2021 wakatangaza kuyazima mazungumzo na wapinzani kwa wote.

Sasa angalieni walichokiacha. Mazungumzo ya ndani ya timu hawakuyagusa, ingawa walikiri kwamba huko nako matusi yapo, kwa sababu timu isiyoweza kusemeshana haichezi. Kwa hiyo hata wenye gemu hawajapata dawa ya swali letu.

Kwa mtu usiyemjua, mimi nauliza jambo moja tu kabla ya kufungua mdomo: hiki ninachotaka kusema anaweza kukitumia kabla mechi haijaisha? "Kaa nyuma yangu" anaweza. "Hujui kucheza" hawezi. Cha pili nakimeza. Darasani pia, mtoto akiwa ubaoni anahangaika na hesabu, ukimwambia ni mjinga chaki inamdondoka na hesabu haimaliziki.

Halafu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inazungumzia unyanyasaji wa mtandaoni. Si utani.

Mdau wa Buzuruga

Mwalimu ulikuwa unaenda vizuri mpaka ukaleta polisi. Tupelekane kituoni kwa sababu ya gemu ya simu? Nitaandika maelezo gani, "mlalamikiwa alikimbilia risasi"?

Ila hilo la "anaweza kukitumia kabla mechi haijaisha" nimelichukua. Sisemi nitaliweza.

Fundi simu, Makoroboi

Narudia kwa sababu mmenipita. Anatumia simu gani?

Kila wiki nafungua simu za hawa wachezaji. Kijana anakuja na simu ya bei ya chini, hifadhi imejaa, betri imevimba, inapata moto baada ya dakika kumi. Ikipata moto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na picha zinaanza kurukaruka. Adui ambaye wewe unamwona anatembea, yeye anamwona hapa, halafu pale, katikati hamna kitu.

Ongeza mtandao. Pale pembeni ya skrini kuna namba ya pingi. Ikiwa ya kijani, sawa. Ikiwa nyekundu, ina maana kitendo chako kinachelewa kufika kwenye seva, na cha wengine kinachelewa kukufikia. Mnalalamika kwamba mkimwambia "usishuke" ameshashuka. Mnajuaje kama sauti yenu inamfikia kwa wakati? Mnamhukumu mtu kwa masikio wakati tatizo linaweza kuwa mnara.

Sisemi jamaa ni mzuri. Kumfyatulia mtu wa ng'ambo ya bonde bila darubini si pingi, huo ni uamuzi wake. Lakini yale mengine yote mngeuliza kwanza.

Dogo mwenyewe, Nyegezi

Fundi, hilo kweli hatukuwahi kuuliza.

Basi nimempigia jana usiku. Nilijua atanikatia, akapokea. Nikamwambia samahani kwa lile neno. Akaniambia hakunielewa vizuri, sauti ilikuwa inakatika, alipata "boti" tu ndiyo maana akajibu vile. Kilichomfanya atoke ni kicheko. Anasema alisikia mtu anacheka kwa mbali, tena mmoja kuliko wengine, na kicheko chake anakijua.

Sikumtaja. Ila sikuwa mimi, mimi nilikuwa nimekasirika.

Dada wa Kitangiri

Duh.

Mwanzisha mada, Igoma

Ni mimi. Nimempigia mara mbili tangu asubuhi, inaita tu. Nimemwandikia ujumbe mrefu, nikafuta, nikaandika mfupi: "Kaka, nilicheka. Samahani. Leo saa tatu usiku tunaingia, nafasi yako ipo." Sijajibiwa.

Fundi simu, Makoroboi

Akijibu, muulize na simu.