Naombeni ushauri: shokapu za kichwa chini kwenye Honda ya zamani ya magurudumu matatu

Mkigoma_GR
Wakuu, habari za Jumapili. Nimekwama na gereji yangu imejaa vyuma vilivyofunguliwa nusu.

Niko Grand Rapids, Michigan. Mwaka jana nilinunua Honda ATC250R ya 1984, ile ya magurudumu matatu yenye tairi pana za kukimbilia mchangani. Sio bajaji, natanguliza kusema. Injini ni ile ya kuchanganya petroli na oili. Nimebadilisha pistoni na ringi, nimeosha rejeta, sasa inawaka kwa teke la pili.

Tatizo liko mbele. Mirija ya shokapu imeliwa na kutu, sili mpya hazimalizi wiki kabla oili haijaanza kuchuruzika. Nimepata shokapu za Honda CR250 ya miaka ya tisini, pikipiki ya motokrosi (mbio za njia mbovu), zile za kichwa chini miguu juu, mrija mnene unashikwa juu na ule mwembamba unashuka kwenye gurudumu. Swali langu ni moja tu: nitumie vibano vya CR vilivyokuja nazo, yaani vile vyuma vinavyoshika shokapu kwenye shingo ya fremu, au nikereze vipya? Nataka iwe tayari kwa ajili ya matuta ya mchanga ya Silver Lake msimu ukifunguliwa. Hadi saa nane usiku naangalia vyuma tu.

Boda_Kimara
Mkuu, bajaji usiiwekee shokapu za pikipiki. Mimi nilikuwa na guta la mizigo, fundi akanishauri nifunge shokapu za pikipiki kubwa ili libebe saruji zaidi. Siku ya tatu nikiwa Mbezi na mifuko kumi na mbili, usukani ukakataa kukata kona. Nikaingia mtaroni na saruji yote ikalowa. Uza hiyo, nunua mpya.

Mkigoma_GR
Asante kaka, pole kwa saruji. Ila nimesema sio bajaji.

FundiKereza
Ndugu Mkigoma, hili nalifahamu, nimefanya kazi ya kerezo miaka mingi. Vibano vya CR havitakufaa, na sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni upana. Tairi ya mbele ya hiyo Honda ni ya inchi 8, sawa na sentimeta 20. CR imetengenezwa kwa tairi nyembamba ya rimu ya inchi 21, na nafasi kati ya mirija yake haifiki hizo sentimeta 20. Tairi itasugua. Lazima vibano vipya, vipana, vya aluminiamu nzima iliyochongwa, sio bati la kuchomelea.

Ya pili ndiyo watu wengi huisahau. Gurudumu la CR lina nusu kipenyo cha karibu sentimeta 34, lako ni kama 29. Chora mstari unaofuata shingo ya fremu mpaka ardhini, kisha pima umbali hadi pale tairi inapogusa. Umbali huo ndio unaofanya usukani ujirudishe wenyewe. Ukichukua vibano vya CR na kuweka gurudumu dogo, unapoteza zaidi ya sentimeta 2 hapo. Usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi, na kwenye mwendo utaanza kutikisika mikononi.

Halafu kuna urefu. Shokapu za motokrosi zina mwendo wa karibu sentimeta 30. Usipozifupisha kwa kuweka bushi ndani, kwenye fimbo ya damperi (ile inayotuliza mdundo), pua itapanda na chombo chote kitakuwa juu zaidi. Chombo cha magurudumu matatu kikiwa juu kinapinduka upesi. Na kibano cha chini usikikaze kwa hasira, mrija wa nje ni aluminiamu, ukiuminya shokapu inakwama ndani.

Nipe vitu vitatu: umbali kutoka ekseli ya mbele hadi kibano cha chini cha zamani, kipenyo cha beringi za shingo, na uzito wa dereva ili tuchague springi.

Mkigoma_GR
Ubarikiwe sana mkuu. Ekseli hadi kibano nitapima kesho. Beringi vilevile. Uzito ni kama kilo 45.

Mzee_wa_Bidiya
Mmenikumbusha mbali. Mimi ni Mzanzibari, niko Oman tangu ujana. Miaka ya themanini vijana walikuwa wakipanda na hizi za magurudumu matatu kwenye matuta ya mchanga huko Bidiya, siku ya Ijumaa baada ya sala. Mimi nilikuwa nayo ndogo, haina hata shokapu, kazi yote ilifanywa na tairi za maputo. Ekseli ya nyuma ni fimbo moja, haina difu ya kuyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Ukikata kona bila kuhamisha mwili wako, gurudumu la ndani halitaki kupunguza mwendo, chombo kinakwenda moja kwa moja. Ukilazimisha, kinakulalia. Mimi niliteremsha mguu kujizuia kama mtu wa baiskeli, gurudumu la nyuma likapanda juu ya shavu la mguu. Mpaka leo nikisujudu goti hili linanisemesha.

Shangazi_Tabora
Samahanini, mimi vyuma sivijui. Lakini kilo 45 ni nani? Mdogo wangu Mkigoma, wewe mwenyewe una kilo 45?

FundiKereza
Na mimi nilitaka kuuliza hilohilo, Shangazi umeniwahi.

Mkigoma_GR
Ni ya familia. Tuendelee na vibano tafadhali.

Shangazi_Tabora
Familia ina majina na miaka. Nani atapanda?

Mkigoma_GR
Sawa. Ni kijana wangu, ana miaka 13.

Kabla hamjanishukia, nisikilizeni. Tulihamia huku akiwa na miaka 10. Miaka miwili nyumbani hakuwa anazungumza, akitoka shule ni chumbani tu. Nilipoleta hiki chombo ndipo alipoanza kuja gereji. Ringi aliivalisha yeye kwa mkono wake. Anajua kila spana iko droo gani. Nimemwahidi safari ya kwanza ni yake. Shokapu nimeshalipia, za zamani nimeshampa mtu wa vyuma chakavu, na fundi wa kerezo nimemwachia kianzio. Nimemnunulia helmeti, bamba la kifua na viatu virefu. Hizi shokapu nazitafuta kwa ajili ya usalama wake, ndiyo maana nataka zilizo bora. Sasa mnaponiambia niache, niache kitu gani hasa?

Boda_Kimara
Kijana wa 13 huku kwetu anaendesha trekta la baba yake. Mwacheni mzee alee.

Dada_Ohio
Kaka, mimi niko jirani yako. Sheria ya Michigan inakataza mtu wa chini ya miaka 16 kuendesha chombo cha magurudumu matatu cha aina hiyo, hata mzazi akiwa pembeni. Cha magurudumu manne kina masharti yake, ila cha matatu hapana kabisa. Na sio bure. Baada ya watu wengi kuumia na wengine kufa, wengi wao watoto, mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha kuviuza huku Marekani, na mwaka 2008 sheria ikapiga marufuku kuuza vipya moja kwa moja.

Mzee_wa_Bidiya
Mwanangu, mimi nilikuwa na miaka 22 na nguvu zangu zote. Chombo kile kinaongozwa kwa uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 45 hana uzito wa kukihamisha. Shokapu ya dhahabu haibadilishi hilo.

Mkigoma_GR
Nimesoma yote. Lakini nitakuwa naye hatua kwa hatua, gia ya kwanza tu. Mkuu FundiKereza, kwa springi ya kilo 45 unanishauri nini?

FundiKereza
Sitakuchagulia springi ya mtoto. Nisamehe. Vibano nitakusaidia hadi mwisho ikiwa dereva ni wewe.

Jicho_la_Tai
Ngojeni kwanza. Mimi naona hii ni chai. Mleta uzi ameandika ATC250R ya 1984, halafu anasema "nimeosha rejeta". 250R ya 1981 mpaka 1984 inapozwa na upepo. Rejeta imekuja kwenye ile ya 1985, inayopozwa na maji. Umeosha rejeta ya wapi, mkuu? Uzi hauna hata picha moja. Mtoto asiyeongea, machozi, kila kitu kimepangwa vizuri mno.

Boda_Kimara
Duh! Chai ya maziwa kabisa. Leteni vitumbua.

Shangazi_Tabora
Hata ikiwa chai, aliyesoma na ana mtoto amejifunza.

Mkigoma_GR
Imeniuma kuitwa mwongo kwa habari za mwanangu. Karatasi ya muuzaji imeandikwa 1984 na rejeta iko mbele ya macho yangu. Sijui niseme nini zaidi.

FundiKereza
Jicho la Tai yuko sahihi kuhusu rejeta, lakini hiyo haimaanishi jamaa anadanganya. Mkigoma, nenda kwenye fremu, futa rangi panapogongwa namba. Ina tarakimu na herufi 17. Hesabu hadi ya kumi. E ni 1984, F ni 1985, G ni 1986.

Mkigoma_GR
Nimerudi. Ya kumi ni F. Ni 1985, karatasi ndiyo imekosea.

Ila kuna jingine. Nilikuwa nafuta kwa thina, na rangi ya shingo ikaondoka kirahisi kuliko kwingine. Chini yake kuna mstari wa kuchomelea umezunguka karibu nusu ya shingo, umesagwa na grainda kisha ukapakwa rangi. Muuzaji aliniambia haijawahi kuanguka.

Jicho_la_Tai
Mkuu, nakuomba radhi. Nimefuta neno langu.

FundiKereza
Usifunge chochote hapo. Shokapu za kichwa chini ni ngumu, hazipindi kama za zamani, kwa hiyo kishindo chote kinapanda kwenye shingo. Ikiachia ukiwa kwenye tuta, gurudumu la mbele linaondoka na usukani. Kwangua rangi yote, upake dawa ya kuonyesha nyufa, upige picha kila upande. Mrudishie simu fundi wa kerezo asimamishe kazi.

Shangazi_Tabora
Na kijana umemwambiaje?

Mkigoma_GR
Ndiye aliyenishikia tochi, Shangazi. Mstari aliuona kabla yangu. Ameniuliza safari ipo au haipo, nikamwambia chombo hiki hakipandi yeye, wala mimi sikipandi mpaka shingo ijulikane. Amekaa kimya kidogo, halafu ameleta brashi ya waya. Tunakwangua sasa hivi. Picha kesho asubuhi.