Naomba ushauri: akili bandia na memwari yangu ya kemia

Bandugu wa kemia, niko Lubumbashi, namaliza memwari (kazi ya kuandika ya kumaliza chuo). Huku shaba inachujwa kwa dawa ya oksime (ile inayokamata shaba) iliyochanganywa na petroli, ile ya taa, sasa mie nataka akili bandia initungie molekuli ya kushika nafasi ya hiyo petroli, isiwake ovyo na iozee yenyewe. Nimeweka RDKit kwa ordinateri (programu ya kuchambua molekuli, ya bure, haidai mashine kubwa) na kaprogramu ka kutunga, ikanitapikia molekuli 40, kwa macho nzuri, kumbe moja iko na pete za atomu tatu kila kona, nani ataipika hiyo?? Direkta anasema fuata kanuni 12 za kemia ya kijani (isiyochafua mazingira) za Anastas na Warner za 1998, sawa, lakini naanzia wapi, nichuje kwanza zisizotengenezeka ao zenye sumu? Mnijibu mbele kuran (umeme) haijakatika.