Nimerudi likizo ya uzazi, nafasi yangu kapewa mwengine: niukubali uhamisho wa Unguja?

MhasibuChake:
Assalamu alaykum. Nipo Chake Chake, Pemba, ambako kwa miaka kadhaa nimeongoza kitengo cha uhasibu katika afisi moja ya umma. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilikuta nafasi yangu imeshapewa mwenzangu, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha usuluhishi wa hesabu za benki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki), na nikakabidhiwa barua ya kuhamia makao makuu Unguja nikiwa mhasibu wa kawaida. Mshahara haukuguswa ila posho ya madaraka imeondoka. Sina hoja yoyote ya ukaguzi, yaani hakuna kasoro ambayo wakaguzi walinitaka niieleze, na barua haikutaja sababu zaidi ya "mahitaji ya kazi". Mume wangu anafanya kazi Wete, na mama mkwe ndiye anayenilelea watoto. Je, nikikubali nitakuwa nimejishusha, na nikikataa nitaonekana mkaidi?

BiMstaafu:
Wa alaykum salaam, mwanangu. Kabla ya kuamua kwenda au kubaki, jiulize jambo ambalo hukuligusa: nani alikabidhi afisi? Wewe ulikuwa nyumbani na mtoto, na mwenzako akakalia kiti, kwa hiyo inaelekea hakuna hati ya makabidhiano yenye saini yako. Mwaka wetu wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni na wakaguzi huja baadaye, wakati wewe umeshavuka bahari, na hoja itakayoibuka itauliza ni nani aliyekuwa na dhamana wakati malipo yalipofanyika. Andika makabidhiano sasa hivi, hata kama umechelewa: salio la benki siku uliyoanza likizo, hati za malipo zilizokuwa bado hazijalipwa, masurufu (fedha walizotangulizwa watumishi kwa safari au kazi) ambayo waliochukua hawajayarejesha, na namba za vitabu vya stakabadhi vilivyokuwa kabatini. Mwenzako atie saini, na Afisa Mdhamini, yaani mkuu wa afisi yenu hapo Pemba, apate nakala. Baada ya hapo ndipo uandike barua ya pili, fupi na ya heshima, kuomba uelezwe sababu ya kuondolewa. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2011 ipo. Isome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa.

Vuga_Hesabu:
Mimi ningekwenda. Makao makuu ndiko bajeti inakoandaliwa kabla ya kupelekwa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, na mhasibu wa kitengo cha Pemba mara nyingi huipokea ikiwa imeshakatwa. Vilevile njia ya wanawake wetu katika fedha haikuwahi kunyooka: Saada Mkuya Salum alikuwa Waziri wa Fedha wa Muungano mwaka 2014, akakosa kuwamo katika baraza la mawaziri lililoundwa baada ya uchaguzi wa 2015, na mwaka 2022 akakabidhiwa dhamana ya fedha na mipango ya Zanzibar.

MamaWatatu:
Ndugu yangu wa Vuga, mfano wako ni mzuri, lakini waziri ana dereva na wasaidizi, na uteuzi wa kisiasa haufanani na uhamisho wa mtumishi mwenye mtoto wa miezi michache. Boti ya kutoka Mkoani hadi Malindi si daladala ya kupanda asubuhi na kurudi jioni. Dada, omba tarehe ya kuripoti isogezwe hadi hesabu za mwaka zifungwe na mtoto aanze kula, na uombe kwa maandishi. Halafu kuna mtu ambaye hakuna aliyemuuliza hapa: mumeo. Yeye pia ni mtumishi, naye anaweza kuomba uhamisho. Kwa nini wewe peke yako ndiye unayepima kazi na nyumba?

MhasibuChake:
Nashukuruni nyote. Mume wangu amesoma majibu haya na amesema ataulizia nafasi Unguja, ingawa mama yake hataki kuhama. Bi Mstaafu, nina swali moja: kwa kipindi cha likizo, nithibitishe vipi kwamba sikuwa mimi niliyeidhinisha malipo?

BiMstaafu:
Kwa barua ya likizo iliyoidhinishwa, na kwa barua iliyopelekwa benki kubadilisha watia saini. Kama saini yako haikuondolewa benki, iondoshe leo, kabla hujagusa barua nyengine yoyote.