Siku moja Mombasa: Fort Jesus, mitaa ya Mji wa Kale au mashua?

Mgeni wa Bara
Habari zenu. Mwezi wa Januari nitafika Mombasa kwa treni pamoja na baba yangu, mwalimu mstaafu wa historia ambaye hawezi tena kutembea mwendo mrefu, na binti yangu wa kidato cha pili. Tutakuwa na siku moja tu kisiwani. Nimeshauriwa mambo matatu: kukaa Fort Jesus asubuhi nzima, kuzunguka Mji wa Kale na mwongoza wageni, au kukodi mashua na kuutazama mji kutoka majini. Tunataka kuelewa jinsi wafanyabiashara kutoka ng'ambo walivyoacha alama zao hapo. Mngechagua lipi?

Mkaazi wa Kibokoni
Karibuni sana. Mimi ningeanzia mitaani, kwa sababu ngome ni kazi ya wanajeshi, ilhali nyumba zilizo nyuma yake ni kazi ya wafanyabiashara, na hao ndio mliowaulizia. Shikeni Ndia Kuu kutoka upande wa ngome, mwende polepole huku mkitazama juu. Roshani za mbao zenye nakshi zinawakumbusha watu enzi ambapo matajiri wa Kihindi walijenga nyumba za ghorofa, chini duka, juu familia. Karibu na hapo mtauona Msikiti wa Mandhry, unaosemekana ulijengwa mwaka 1570, wenye mnara mweupe ulio mnene chini na unaochongoka kuelekea juu.

Mwisho wa safari uwe Bandari ya Kale. Kabla ya bandari ya Kilindini kuchukua meli kubwa, majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalitia nanga hapo, yakiletwa na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, mazulia na masanduku, kisha yakingoja upepo wa kusi ili yarejee na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Mkija Januari kaskazi itakuwa inavuma, kwa hiyo mzee hatahitaji ubao wala chaki kumweleza mjukuu wake somo hilo.

Mpenda Kumbukumbu
Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu Bandari ya Kale, ila si kuhusu ngome. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milano, ili kuilinda njia yao ya bahari kati ya Ulaya na Goa, ngome yao kuu huko India. Hiyo nayo ilikuwa biashara, ingawa ilikuja na mizinga.

Msiikose sehemu ya makumbusho. Waomani walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Goa ilituma msaada, na mojawapo ya meli hizo, Santo António de Tanná, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Wataalamu waliichimbua chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa ndani ya ngome. Mtu akisimama mbele ya vyombo hivyo, na vigae vya kaure za Uchina vilivyookotwa katika miji ya kale ya pwani, anaona kwa macho yake mtandao ambao mitaani huwa anasimuliwa tu. Kisha ipo Nyumba ya Waomani juu ya ukuta, na ukumbi wa Wamazrui, walioitawala Mvita, yaani Mombasa, hadi 1837, zama za mshairi Muyaka bin Haji. Waingereza, kwa upande wao, waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Sijui kama hilo linastahili kuitwa mchango.

Bebeni vitambulisho, kwa maana kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Nahodha Mstaafu
Nimeishi kwa mashua, lakini kwa mzee asiye na nguvu za miguu sitaipendekeza. Kupanda na kushuka chomboni ni kazi, hasa maji yakiwa yametoka na ngazi zikiwa na utelezi. Faida yake moja ni kubwa, nayo ni kuiona ngome kama alivyoiona nahodha aliyekuwa akiingia bandarini, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na kuutawala mlango wote wa maji. Hata hivyo, mkisimama juu ya kuta zake upande wa bahari mtaelewa jambo hilohilo mkiwa nchi kavu.

Bint Mvita
Jua la Januari halina huruma, na mabishano haya yameisahau saa. Ingieni ngomeni mara tu inapofunguliwa, mzee apumzike kila anapopata kivuli, mtoke kabla ya adhuhuri. Mkishakula, ngojeni alasiri, wakati nyumba ndefu zinapokitia kivuli kichochoro, ndipo mwingie mitaani. Mzee akichoka, mwitieni tuktuk. Ikiwa siku yenu ni Ijumaa, jueni kwamba mchana watu huwa misikitini na maduka mengi hufungwa kwa muda. Vaeni mavazi ya heshima, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha bandarini au kumpiga mtu picha mlangoni kwake. Jioni tafuteni kahawa chungu na halua. Wahindi, Waarabu na Waswahili wote wanadai mapishi ya mji huu, na mimi sitawaamulia.

Mgeni wa Bara
Nawashukuru nyote. Basi tutafanya ngome asubuhi na Ndia Kuu alasiri, na mashua tutaiacha. Je, mwongozaji tumchukue langoni pa ngome au ndani ya mitaa?

Mkaazi wa Kibokoni
Langoni hawakosekani. Ombeni kuona kitambulisho chake cha kazi na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Mwambieni mapema kwamba lazima mfike Bandari ya Kale, kwa sababu baadhi yao huwapeleka wageni kwenye maduka ya vinyago na kumalizia hapo.