Je, vyombo vya ndani vifungwe kwa nailoni kabla ya kuwekwa katika chumba cha kukodi?

Muulizaji: Habari zenu. Nitasafiri kikazi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na vyombo vyangu nimeamua kuviweka katika chumba cha kukodi cha kuhifadhia mizigo, ambacho hakina kiyoyozi. Nina godoro, jokofu, kabati la mbao na nguo za sufu. Nikivifunga vyote kwa nailoni na kuziba kwa selotepu, vitakuwa salama?

Jibu la 1: Ndugu yangu, nailoni ya kubana ndiyo itakayoharibu godoro lako. Likifungwa likiwa na unyevu hata kidogo, unyevu huo hukosa pa kutokea. Joto la mchana huugeuza kuwa mvuke, na baridi ya usiku huurudisha kuwa matone upande wa ndani wa nailoni, ndipo ukungu unapoanza. Lianike penye upepo hadi likauke kabisa, ulifunike kwa shuka nzito la pamba, kisha ulilaze, kwa kuwa likisimamishwa kwa ubavu muda mrefu hupinda. Kila kitu kiinuliwe juu ya paleti na kiachane na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite.

Jibu la 2: Nakubaliana naye kuhusu godoro, lakini nguo za sufu ni jambo tofauti. Mabuu ya nondo ndiyo yanayokula sufu, na hupenda zaidi sehemu zenye jasho au mabaki ya chakula, kwa hiyo zifue, zikauke barabara, halafu uzifungie katika chombo chenye mfuniko unaobana.

Jibu la 3: Jokofu lizimwe mapema ili barafu yote iyeyuke, nawe upanguse hadi ndani ya mikunjo ya mpira wa mlango, kwani humo ndimo maji hujificha. Mlango uzuiwe kwa kitambaa kilichokunjwa ubaki wazi kidogo. Ukifungwa kabisa, harufu yake ni tabu kuitoa. Lisafirishwe na kuhifadhiwa wima, maana likilazwa mafuta ya kompresa huweza kuingia katika mabomba ya gesi. Betri za rimoti na saa nazo zitolewe, zisije zikavuja.

Muulizaji: Nashukuru sana. Na kabati, je, nilifungue vipande?

Jibu la 1: Lifungue, ila skrubu zake uzitie katika kifuko na kukifunga kwenye ubao mmojawapo wa kabati hilohilo.