Wanandoa mnaokwenda kutembea Paris: kila mmoja abebe vyake

Ndugu zangu wa Kigoma na Tabora mlioko Ulaya, hamjambo.

Msimu wa wageni ndio huu. Wengi mnaleta wake au waume kutoka nyumbani, halafu mwisho wa juma mnapanda treni mkawaonyeshe Paris. Nawaombeni sana: msiende na simu moja na pochi moja kwa watu wawili.

Kaka yangu anaishi Antwerp, na wifi ndiyo kwanza alikuwa ametoka Kigoma. Simu, kadi ya benki, pasipoti zote mbili, vyote begini mwa kaka. Wifi hakununuliwa laini, maana "si tuko pamoja?" Walipofika Châtelet, kituo cha metro, yaani treni za chini ya ardhi za Paris, njia namba 1, kaka akaingia ndani, king'ora kikalia, milango ikajifunga, wifi huyo kabaki nje. Treni za njia ile hazina dereva, kwa hiyo hakuna hata wa kupungiwa mkono. Sisi tumezoea treni ya reli ya kati: ikifika Tabora unashuka, unanunua asali, bei mnapatana, unarudi kitini kwako. Metro haikusubiri.

Kaka akashuka Louvre-Rivoli, kituo kinachofuata, akarudi. Wifi naye, kwa kuona mumewe kaenda mbele, akapanda treni iliyofuata. Wakapishana. Akaja kushuka mbali, analia, mpaka mama mmoja Mkongo akamsikia akijisemea kwa Kiswahili. Kumbe mtu wa Kalemie, ng'ambo tu ya ziwa letu! Akampa simu. Na namba pekee aliyokuwa nayo wifi kichwani ni ya mama mkwe wake.

Mimi nilikuwa likizo Ujiji, niko jikoni nageuza migebuka, nikamsikia mama: "Usibanduke hapo, mwanangu. Nisomee maandishi ya ukutani, herufi moja moja." Akayaandika nyuma ya bahasha, akampigia kaka. Ndivyo walivyokutana.

Basi mwenzako apewe laini yake. Laini ya Ubelgiji au ya Ujerumani ukiwa Ufaransa haikutozi nyongeza kwa matumizi ya kawaida, ndiyo sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2017. Awe na euro kidogo mfukoni na anwani ya hoteli kwenye karatasi. Na mkubaliane mkiwa bado nyumbani: aliyebaki asisogee, aliyechukuliwa na treni ndiye arudi. Hili msilisahau hata mkisahau mengine yote.

Dada yenu wa Ujiji

*

Shikamoo dada. Mpe wifi pole.

Niongeze la tiketi. Ile kadi ya Navigo Easy ya kupandia metro unaweza kuijaza safari nyingi, lakini watu wawili hawaitumii kwa pamoja. Shemeji yangu aligusisha, akampasia mkewe, geti likakataa, basi mke akapenya nyuma ya mumewe. Mbele kidogo wakaguzi hao. Faini papo hapo, mke akanuna, mume akanuna, na siku ndiyo kwanza inaanza. Kila mtu na kadi yake, jamani, bei yake ni ndogo kuliko ugomvi huo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, na Jumanne makumbusho ya Louvre hufungwa. Wakaishia kupiga picha kwenye piramidi ya kioo, kila mmoja kivyake. Makumbusho mengine, Musée d'Orsay, hufungwa Jumatatu. Na kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, anayewajia na nyuzi za rangi msimpe mkono. Akishakufunga kifundoni anadai hela.

Mwana Tabora, Lyon

*

Marahaba, mdogo wangu, ahsante. Mama anakuja kwangu mwezi wa nane na ameshasema anautaka mnara wa Eiffel. Ngazi za kufika ghorofa ya pili ni 674, magoti yake hayawezi, kwa hiyo ni lifti. Kuna aliyewahi kupanda na mzee mwenye fimbo? Foleni ya ukaguzi pale chini wanampitisha, au niende na kigoda?